Meza Fupi ya Fundi Funguo

Wateja wa Fundi Funguo huuliza swali lilelile: mbona meza yako fupi hivyo? Mwanamke mrefu kama yule, anachonga funguo akiwa amejikunja utadhani anatafuta sindano iliyoanguka. Yeye hujibu kwamba meza ni ya urithi, kisha anawasha mashine, na makelele ya chuma yanayakata mazungumzo. Mimi ni dobi, mlango wangu unatazamana na wake, na jibu hilo nimelisikia mpaka limenichosha, kwa sababu najua ni nusu ya ukweli. Nusu ya kitu chochote hunikera, iwe kikombe cha chai au habari.

Ukweli mzima ni kwamba meza ile ilikatwa miguu. Aliyeikata ni baba yake Fundi, tunayemwita Mzee, ambaye ndiye aliyefungua kibanda kile na kumfundisha binti yake kazi. Zamani ilikuwa meza ya kawaida, ya kimo cha kiuno. Siku moja Mzee alimketisha juu yake mjukuu wake, mtoto wa Fundi, ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza, akageuka kuchukua tupa ya kusugulia chuma. Mtoto akaanguka. Hospitali wakampima, wakasema ni nundu tu, itapoa, na kweli ikapoa. Lakini wenzake walipoanza kutembea, yeye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Wenzake walipoanza kubwabwaja maneno, yeye alikuwa anapungapunga mikono na kutazama pembeni. Hapo kila mtu akaigeukia ile meza. Mzee akachukua msumeno akaifupisha miguu yote minne, bila kumwuliza mtu.

Tangu siku hiyo hakumpakata tena mtoto mdogo wa mtu yeyote. Nilimpelekea wajukuu zangu, mmoja baada ya mwingine, wamevaa nguo nilizozinyoosha kwa pasi yangu mwenyewe, naye akawabariki kwa mbali kama watoto wa adui. Nilimnunia kweli.

Mtoto aliyeanguka sasa ni mwanamume mwenye ndevu. Mtaa mzima unamwita Meneja, maana hakuna anayefika kibandani kabla yake, na ole wako uguse misumari ya ukutani ambako funguo ambazo hazijachongwa zimetundikwa. Yeye ndiye anayezipanga, kwa umbo, na ukimharibia mpangilio atakuzungumzia wewe mpaka jua lizame. Kusoma anajua jina lake tu. Ukimpa maagizo mawili kwa mpigo, atatekeleza la pili na la kwanza litakuwa limekwenda na upepo. Pikipiki ikipiga honi anaziba masikio yake, nayo ni masikio hasa, Mungu hakumbania. Usoni hakutazami, anakusalimia akiuangalia mlango. Ila ana huruma, na ana kumbukumbu ya ajabu ya nguo za watu. Mara nyingi ameniokoa na aibu ya kumpa mtu suruali ya mwenzake.

Na ana swali lake. Amelichukua kwa babu yake, ambaye alikuwa na sheria moja ya kazi: hachongi ufunguo kwa kuiga nakala. Mteja akileta ufunguo, Mzee aliutazama kwenye mwanga na kuuliza, "Ule wenyewe uko wapi?" Alimaanisha ule uliotoka dukani pamoja na kitasa chake. Alisema nakala ina kosa dogo la mashine, na nakala ya nakala inalibeba kosa hilo na kuongeza la kwake, mpaka mwisho ufunguo unaingia mlangoni vizuri na kukataa kuzunguka. Meneja, akipenda maneno, huyarudia bila kuchoka, kwa hiyo sasa kila mtu anaulizwa, awe mteja au mpita njia: "Ule wenyewe uko wapi?" Askari mmoja wa doria aliwahi kuulizwa hivyo akaanza kujipapasa mifukoni.

Sasa, miezi kadhaa iliyopita Meneja aliumwa sikio. Fundi aliniomba nimsindikize hospitali, kwa sababu Meneja akiogopa hutulia akinusa nguo zenye sabuni, na mimi nanuka sabuni hata siku za mapumziko. Tukampata daktari mgeni, binti mdogo mwenye miwani, aliyetuamkia kwa adabu. Alilitibu sikio vizuri tu. Kisha akaendelea kulitazama, na sikio lilikwisha kutibiwa. Akamtazama uso, akamwomba aonyeshe viganja, akavikunja vidole vya Meneja taratibu akaona vinavyolegea. Akauliza alianza kutembea lini.

"Huyu alianguka mezani," Fundi akajibu haraka. Ni jibu ambalo amelitoa maisha yake yote, kwa walimu, kwa mawifi, kwa wapangaji wenzake.

"Sawa, mama. Na kabla ya kuanguka alikuwaje?"

Naapa hakuna mtu aliyewahi kuuliza hivyo. Nami mdomo wangu hauna breki, nikasema yale niliyoyaona kwa macho yangu: kwamba nilikuwa nafua nepi zake, na Fundi alikuwa ananiachia mtoto juu ya marundo ya nguo. Watoto wengine wa umri ule nilikuwa nawaegemeza wanakaa. Huyu alikuwa anateleza, analegea, na ukimwita anageuza uso ukutani. Nilidhani ana haya.

"Kabla ya meza?" Daktari akauliza.

"Kabla."

Fundi akanigeukia. "Mama Pasi, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mwanao ana haya?"

Daktari akavuta kiti karibu. Akauliza swali ambalo lilitufanya tutazamane kama watu waliofumaniwa: katika ukoo wao, kuna mtu mzima ambaye mikono imeanza kumtetemeka, hasa anapotaka kushika kitu, na miguu inampotea anapotembea?

"Nani amekuambia habari za baba yangu?" Fundi aliuliza kwa ukali kabisa.

"Hakuna aliyeniambia, mama. Nauliza tu. Na wewe, samahani kwa kuuliza mbele ya rafiki yako, siku zako za mwezi bado zipo?"

Hapo nilitamani kuingia chini ya kiti. Siku za Fundi zilikoma akiwa bado kijana, hata arobaini hajagonga, na aliyewatangazia watu kwamba Fundi ana mimba ni mimi. Fundi akanikata jicho. Akamjibu Daktari kwamba zilikoma zamani, na kwamba kuna watu walimnunulia mtoto nguo.

Damu ikachukuliwa, ya Meneja na ya mama yake, ikapelekwa mji mwingine kwenye maabara. Tukasubiri. Mimi sikuweza kupiga pasi vizuri, nilichoma kola ya mtu. Kilichonisumbua ni kile kitu kimoja: mtoto asiyejua kusoma, mama aliyekauka mapema, babu anayetetemeka. Nilikuwa nimewaona hawa watatu kila siku ya maisha yangu, na haikunijia hata siku moja kwamba ni habari moja.

Majibu yalipokuja, Daktari hakuwa na haraka. Alieleza kwamba mwili una maandishi yake, yanaitwa jeni, tunayapokea kwa baba na mama, na yamepangwa kwenye nyuzi ndogo zinazoitwa kromosomu. Katika ule uzi wenye jina la herufi X kuna mahali pana kipande kidogo cha maandishi kinachojirudia. Kila mtu anacho. Kwa watu wengi kinajirudia kiasi, hakina neno. Kwa wengine kimerefuka kidogo: mtu anaishi vizuri tu, anasoma, anaoa, ila wanaume wengine wakizeeka mikono na mwendo vinaanza kuwasaliti, na wanawake wengine siku zao hukoma mapema. Kikipita kutoka kwa mama mwenye urefu huo kwenda kwa mtoto, kinaweza kurefuka ghafla kupita kiasi, mpaka mwili unaona maandishi hayasomeki, unaifunga jeni hiyo kabisa. Nayo ndiyo inayotengeneza kitu ambacho ubongo unakihitaji ili kujifunza. Uzi ukitazamwa kwa hadubini, mahali hapo panaonekana kama panataka kukatika, na ndipo hali hii ilipopata jina, X dhaifu.

Fundi alisikiliza akiwa amekunja uso, kama anavyosikiliza kitasa kibovu.

"Ni nakala ya nakala," akasema.

"Karibu na hapo," Daktari akasema. "Ila kwenye ufunguo wako, nadhani, meno yanalika. Hapa hakuna kinacholika, kinazidi. Na mashine yako ikikosea unaweza kuikaza nati. Hii hakuna anayeishika. Si wewe, si mtu."

Fundi akakubali kwa kichwa. Alikuwa amepata kitu kipya cha kufikiria, niliona wazi, akauliza maswali mpaka nje foleni ikaanza kunung'unika. Kwa nini yeye hakuwa kama mwanawe? Kwa sababu chake ni kile kilichorefuka kidogo tu, na tena mwanamke ana X mbili, moja inamfichia aibu mwenzake. Alikitoa wapi? Ama kwa baba, ama kwa mama yake aliyekwisha kufariki. Mikono ya Mzee inamnyooshea kidole Mzee, lakini damu yake ndiyo itakayosema. Na kama ni yeye, basi amempa kila binti aliyemzaa, maana mwanamume ana X moja tu, na binti lazima aichukue. Kwa hiyo mdogo wake Fundi, mwalimu aliyeolewa juzi, anapaswa kujua kabla hajaanza kuzaa, apime, aamue akiwa macho.

"Na dawa?"

"Ya kuiondoa, hakuna. Ya kumsaidia Meneja kuishi vizuri, mambo yapo. Mpe agizo moja moja. Mpunguzie makelele. Na nyinyi, naona, mmeshampa kazi anayoiweza."

Fundi akasema, "Kwa hiyo si meza."

"Si meza, mama."

"Miaka yote hii nimeupinda mgongo wangu kwa ajili ya meza, na si meza!" Akacheka, kisha kicheko kikamgeuka akaanza kulia, na Meneja akanusa bega langu kwa nguvu. Alipojifuta machozi akasema jambo ambalo hata mimi, na umbea wangu wote, nilikuwa silijui. Baba yake anaamini mikono inamtetemeka kwa sababu ndiyo iliyomwangusha mtoto. Anaona ni adhabu. Ndiyo maana hajawahi kukubali kwenda kutibiwa. Adhabu haitibiwi.

Njiani kurudi tuligombana. Mimi nilimwambia amwache mzee wa watu. Unamtoa kwenye kosa la meza unamtumbukiza kwenye kosa la damu, kuna nafuu gani hapo? Kuanguka ni bahati mbaya ya dakika moja, lakini damu ni yeye mwenyewe. Fundi akasema, "Anakufa na uongo, Mama Pasi." Nikasema wengi wetu tutakufa nao. Tulifika mtaani hatusemeshani, na Meneja katikati yetu anaimba jina la maabara.

Fundi alimwambia hata hivyo. Mzee alikuwa nyumbani anakunywa uji kwa mrija, maana kijiko kilikwisha kumshinda. Alisikiliza mpaka mwisho, akakataa katakata. "Mnataka damu yangu mkaitolee hukumu? Hukumu yangu naijua, sihitaji karatasi." Akageukia ukuta. Fundi akatoka akiwa amenywea, na nilimwonea huruma mpaka nikasahau kwamba nilikuwa nimemnunia.

Lakini Fundi alikuwa amefanya jambo moja bila kukusudia. Alikuwa amemsimulia Mzee kwamba yule daktari aliuliza habari za mikono inayotetemeka kabla hajaambiwa neno. Na Mzee ni fundi wa vitasa. Umwonyeshe mlango uliofunguliwa bila yeye kujua umefunguliwaje, umemnyima usingizi. Baada ya siku chache nikamwona anavuka njia kwa fimbo yake, anayumba kushoto na kulia huku magari yakimpigia honi na yeye akiyatukana. Akasimama mlangoni kwangu.

"Mama Pasi, niambie kweli. Ni wewe uliyemwambia daktari habari zangu?"

"Mzee, haki ya Mungu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikusema."

"Basi alijuaje?"

"Kamuulize mwenyewe."

"Hajawahi kuniona. Alijuaje?" Alirudia hivyo kwa hasira, akionekana mtu aliyeibiwa. Wiki ile alimwuliza Fundi, akamwuliza muuza magazeti, akamwuliza Meneja. Mwisho akasema atakwenda, lakini anakwenda kuuliza swali moja tu, na sindano wakitaka wachome.

Wakachoma. Mkono ulikuwa unatetemeka hata muuguzi hakuona mshipa, mpaka Meneja akaushika kwa mikono yake miwili akiangalia dirishani na kusema, "Kidogo tu, Babu. Kidogo tu." Swali lake Mzee alijibiwa papo hapo, na jibu lilimpendeza kwa namna yake ya ufundi: Daktari aliona masikio na viganja vya mjukuu, akajua ni mlango gani, na akijua mlango anajua funguo zake nyingine zinavyokuwa.

Siku ya majibu tuliingia wanne. Chumba kilikuwa na viti vitatu, nikakalia ndoo ya taka iliyofunikwa, kwa sababu kutoka nje nisingetoka hata kwa askari. Daktari akasema bila kuzunguka: ni kutoka kwa Mzee. Kile kilichorefuka kidogo, anacho.

Mzee akaiegemeza fimbo yake ukutani. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Kwanza nilimwangusha. Sasa naambiwa hata kabla hajazaliwa nilikwisha kumharibu." Nilimtazama Fundi kwa jicho la "si nilikuambia?"

"Na mikono hii?" Mzee akauliza. Aliiinua yote miwili, ikicheza hewani. "Daktari, hii mikono. Si kwa sababu ya..."

"Si kwa sababu hiyo, mzee wangu. Hata kama usingemgusa mtoto yule maisha yako yote, mikono hii ingetetemeka. Na yeye angekuwa Meneja huyuhuyu."

"Huyuhuyu?"

"Huyuhuyu."

Mzee akaishusha mikono magotini, akaitazama kama inarudi kutoka safari. Baadaye akauliza, sasa kwa sauti yake ya kibandani, "Na mimi nilipewa na nani?"

"Na mama yako. Mwanamume X yake hutoka kwa mama."

"Mama yangu? Mama yangu alikuwa mtu safi kabisa!"

"Hakuna anayesema alikuwa mchafu. Naye alipewa."

"Na nani?"

"Na mmojawapo wa wazazi wake. Na huyo naye alipewa."

Meneja alikuwa ametulia muda wote, lakini mazungumzo ya nani kapewa na nani, kapewa na nani, yalimfikisha nyumbani kwake. Akamgeukia Daktari, akautazama mlango, akauliza, "Ule wenyewe uko wapi?"

Nilimwona Daktari anakaribia kujipapasa mifukoni. Aliyejibu ni Mzee. "Haupo, mjukuu wangu. Nimeuliza maisha yangu yote, kumbe hata mimi ni nakala." Na akaanza kucheka, kicheko cha mabega, ambacho nilikuwa sijakisikia tangu meza ile ilipokuwa ndefu. Fundi akacheka. Mimi nikacheka mpaka kifuniko cha ndoo kikaingia ndani nami nikaingia nacho.

Asubuhi yake nilifungua duka nikaona Mzee amefika kibandani kabla ya Fundi, ameketi kwenye kigoda, anaamrisha. Meneja alikuwa anabeba matofali kutoka nyuma ya nyumba. Agizo moja moja, kama tulivyoelekezwa. "Lete tofali." Linakuja. "Inua mguu wa meza." Unainuliwa. "Weka chini yake." Linawekwa. Fundi alipofika akaikuta meza imesimama kwa kimo chake cha zamani. Alisogeza mashine, akachonga ufunguo mmoja akiwa amenyooka wima, akasema mgongo unamuuma zaidi hivyo, na akaendelea kuchonga vivyo hivyo huku machozi yanamdondokea kwenye vumbi la shaba.

Mzee akaniita kutoka ng'ambo ya njia. "Mama Pasi! Yule mjukuu wako mdogo, yule mpya, yuko wapi?"

Sikuuliza anamtakia nini. Nilikimbia ndani nikamnyakua kama alivyo, shati limekunjamana, kola upande mmoja juu na mwingine chini, nisije nikachelewa kwa ajili ya pasi akabadili nia. Mzee akaegemea ukuta. Meneja akapiga magoti mbele yake, akaweka viganja vyake chini ya mikono ya babu yake, akiangalia kando kama kawaida yake. Nikamweka mtoto juu ya mikono ile yote minne. Ilikuwa inatetemeka vibaya. Mtoto akadhani anabembelezwa, akalala.